Santuri Hununuliwa Msibani

Yule mzee waliyemwita Gazeti alikunjua ukurasa wa gazeti lake, akaukung'uta, akakohoa kile kikohozi chake cha kutangulia habari mbaya, akasoma:

"'Maduka ya muziki yazidi kufungwa. Wanunuzi wa kanda, sidii na santuri wamepungua kiasi kwamba waliobaki wanajuana kwa sura.'"

"Kweli kabisa," akasema Fundi Pima. "Hata la hapa mnunuzi wake tunamjua."

"Nani?"

"Bado hajaja."

Mama Birika alicheka puani, akamwongezea Fundi kahawa bila kuulizwa. Kwenye benchi lile mzaha mzuri ulizawadiwa kahawa, na mwenye mzaha mbaya alijinunulia.

Ndani ya duka, Mzee Sindano alisikia kila neno. Angekosaje? Benchi liliegemea ukuta wa duka lake, chini ya dirisha lake, chini ya spika yake. Benchi lake, kivuli chake, muziki wake; wenzake walileta makalio tu. Alikuwa nyuma ya kaunta na kitambaa chake cha flaneli, anafuta santuri aliyoifuta jana, ambayo tangu jana haikuwa imefanya lolote la kuichafua.

Duka lilikuwa la muziki wa kushikika kwa mkono: kanda ukutani, sidii vikapuni, santuri rafuni. Kila asubuhi Sindano alifungua mlango, akaweka kwenye mashine santuri moja ileile, ndipo siku ikaanza. Baada ya hiyo, watu wa benchini waliagiza kupitia dirishani kama wako hotelini. "Mzee, lete ile yenye tarumbeta!" "Mzee, geuza upande wa pili!" Naye alileta, akageuza. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuinuka, akaingia ndani, akanunua kitu. Fundi Pima, fundi cherehani, ambaye ni kaka wa marehemu mkewe Sindano na kwa hiyo ana ruhusa ya kumtania mpaka kaburini, alikuwa na falsafa yake juu ya jambo hilo.

"Shemeji, nitanunuaje kitu ambacho nimeshakisikia?"

"Na ambacho hujakisikia?"

"Nitanunuaje kitu nisichokijua?"

Mtu wa hoja kama hiyo humshindi, unampigia wimbo mwingine tu.

"Endelea kusoma," Mama Birika akamwambia Gazeti.

Gazeti alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na mpaka leo husoma hata tangazo la sabuni kana kwamba mtu anafungwa. "'Hata hivyo,'" akaendelea, "'wakusanyaji wa santuri bado wapo...'"

"Mkusanyaji ndiye nani?"

"Mtu anayenunua santuri nyingi."

"Azipige?"

"Azipange."

"Kwani hana mashine?"

"Wengine wanayo. Nayo wameipanga."

"Basi huyo anakusanya sahani," akasema Mama Birika. "Mimi ninazo kabati zima, na hakuna aliyewahi kuniandika gazetini."

"Mama, niache nimalize. 'Bado wapo, ila hawaendi tena madukani. Wanakwenda mitandaoni, minadani, magulioni, na zaidi ya kote kwenye nyumba za watu waliofariki, ambako hukuta hazina chini ya vitanda.'"

Fundi Pima alivua utepe wa kupimia shingoni, ishara kwamba sasa anasikiliza. "Msibani?"

"Msibani."

"Wanakwenda kuzika au kununua?"

"Wanatoa pole kwanza. Halafu wanauliza marehemu alikuwa akilala chumba gani."

"Dunia imekwisha," akasema Fundi. "Zamani mtu akifa watu walilia, wakala, wakaenda zao. Sasa wanachungulia uvunguni."

"Na simu je?" akauliza Mama Birika. "Si wanasema nyimbo zote ziko kwenye simu?"

"Ziko zote," sauti ya Sindano ikatoka dirishani. "Za dunia nzima. Ndiyo maana hakuna anayesikiliza hata mmoja mpaka mwisho."

"Hapo umesema, shemeji. Mwanangu wa mwisho anaruka wimbo kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Nikamwambia, mwanangu, mwache mwenzio aanze basi. Akasema, baba, kama ungekuwa mzuri ungekuwa umeshaanza."

Walicheka, lakini Sindano hakucheka nao. Siku hizo alikuwa na lake rohoni. Chumba cha duka kilikuwa mali ya mkewe, na mkewe alimwachia binti yao, na binti yao, ambaye ni muuguzi na husema mambo machungu kwa sauti ya kumtuliza mgonjwa, alikuwa amesimama mlangoni pale na sare yake ya kazini akamwambia: "Baba, sikufukuzi. Ila tangu mwaka uanze hujauza hata kitu kimoja. Uza kimoja tu kabla ya mwezi kuisha, nami sitafungua mdomo tena. Usipouza, chumba tunampa yule wa makava ya simu, na wewe unapumzika."

Kupumzika! Kwa umri wake, neno hilo halikuwa na maana nyingi. Sindano alikuwa amemjibu, "Sawa, mwanangu," kwa sababu kila alichosema binti kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Mwezi ulikuwa unakwenda ukingoni. Watu wa benchini walijua yote hayo, maana dirisha linalotoa muziki huruhusu na mengine kutoka.

Walikuwa bado wanabishana kama ni haki kumpa mfiwa pole na bei kwa pumzi moja, ndipo alipotokea mtu mgeni. Alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kumbishia hodi kidevuni, miwani mikubwa, begi la turubai begani. Alisimama mbele ya benchi kwa adabu zote.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia.

"Samahani wazee wangu, na wewe mama. Mtaani hapa kuna mzee yeyote mpenda muziki ambaye... hali yake si nzuri?"

Fundi Pima ndiye aliyeuliza kwanza.

"Si nzuri kiasi gani?"

"Sina haraka," akasema mgeni. "Hata kama anasumbuliwasumbuliwa tu."

"Tunao wenye mafua," akasema Mama Birika.

"Mafua bado mapema."

Gazeti alimwonyesha dirisha kwa kidole gumba. "Bwana, kama ni santuri, geuka. Ziko nyuma yako, rafu nzima."

Mgeni aligeuka. Alisogea mpaka dirishani, akaangalia ndani bila kuvuka kizingiti, kwa uso wa mtu aliyeonyeshwa mchumba asiyemtaka. Sindano alikuwa ameinama nyuma ya rafu na kitambaa chake, wala hakuonekana.

"Hizo ni za dukani," mgeni akasema.

"Kwani wewe ulidhani santuri huzaliwa wapi?"

"Mzee wangu, ya dukani inamngoja mtu yeyote. Mimi natafuta inayoningoja mimi."

Mgeni aliandika namba yake ya simu pembeni mwa gazeti, akaomba wamkumbuke likitokea la kutokea, akawatakia afya njema, na hata hiyo aliitamka kama mtu anayejipinga mwenyewe. Akaenda zake.

Sindano alitoka nje, kitambaa mkononi.

"Mmemsikia? Hizi ni safi, hazina mkwaruzo, kila moja kwenye jalada lake. Anataka nini?"

"Anataka ufe," akasema Fundi Pima. "Usimkasirikie, shemeji. Ni mnunuzi."

Mama Birika alikuwa anatikisa birika kupima kilichobaki, na akili yake ilikuwa inapima vingine. "Mzee Sindano, nisamehe kwa nitakalosema. Mkeo si alifariki?"

"Miaka mingi sasa."

"Na hajafufuka?"

"Mama Birika!"

"Nauliza tu. Basi nyumba ya marehemu tunayo."

Wote walimgeukia Fundi Pima, maana aliyetajwa alikuwa dada yake. Fundi aliurudisha utepe shingoni, akauvuta huku na huku mpaka ncha zikalingana.

"Dada yangu angekuwa hai," akasema mwishowe, "angekuwa ameshaziuza zote yeye mwenyewe, na yule mwenye miwani angeondoka na kitanda pia."

"Huo ni uongo," akasema Sindano. "Kumdanganya mtu."

"Uongo uko wapi?" Gazeti alisimama, na alipokuwa anasimama hivyo ilikuwa bora ukae. "Nyumba ipo. Marehemu yupo, yaani hayupo, ndiyo sifa yenyewe. Santuri zipo. Kitanda kipo. Hakuna hata mmoja wetu atakayetamka neno lisilo kweli. Tutazihamisha tu, kutoka mahali zinapoonekana kwenda mahali zisipoonekana. Hilo si kosa. Ni usafirishaji."

Sindano aliitazama rafu, akamkumbuka binti yake mlangoni. Tangu mke afe, duka lile ndilo lililomwamsha asubuhi. Alitaka kuliokoa kuliko alivyotaka kuwa mkweli, na bora tuseme hivyo kuliko kumpamba.

"Haya," akasema.

Kazi ilianza alasiri ileile, na ikakwama palepale. Walichagua santuri za kujaza sanduku moja, Gazeti akaishika ya juu, akaigeuza kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

"Hazifai. Zinang'aa."

"Nimezifuta asubuhi," akasema Sindano.

"Ndiyo ubaya wake. Santuri ya uvunguni inang'aa? Tunahitaji vumbi."

Wakatafuta vumbi. Walipitisha vidole juu ya rafu, nyuma ya mlango, chini ya kaunta, ndani ya pembe ya spika. Hapakuwa na vumbi. Sindano alikuwa amepigana nalo maisha yake yote, na kumbe alikuwa ameshinda.

"Nina majivu ya jiko," akasema Mama Birika.

"Majivu si vumbi," akasema Gazeti. "Majivu yana harufu ya kahawa."

"Mimi nina manyoya ya vitambaa chini ya cherehani, mazuri tu," akasema Fundi. "Ya rangi zote."

"Marehemu alizikwa na rangi zote? Kaeni hapa." Gazeti alikwenda nyumbani kwake, akarudi na mfuko wa karatasi ameushika kwa mikono miwili. "Hili ni la juu ya kabati langu la nguo. Halijaguswa tangu nistaafu. Hili lina umri."

Walilinyunyiza kwa heshima. Halikutosha, kwa hiyo ya chini wakazimalizia kwa majivu, Gazeti akiwa amegeuka ili asishuhudie. Sindano alipewa jalada la kwanza alichafue mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye mali. Alichota kidogo kwa ncha za vidole, akamwaga, na mkono wake wa pili, ule wenye kitambaa, ukapita juu yake ukafuta. Akamwaga tena. Mkono ukafuta tena.

"Mnyang'anyeni hicho kitambaa," akasema Mama Birika.

Wakamnyang'anya.

Walipomaliza, Mama Birika alilitazama sanduku kwa jicho la mtu anayepanga bidhaa barazani. "Bado hazina kiongozi. Hapo juu inatakiwa moja iliyochakaa kweli, ya kumshika macho. Ile je?" Akaonyesha mashine.

Kwenye mashine ilikuwepo ile ya asubuhi. Jalada lake lilikuwa limechanika mgongo na kushonwa na Fundi kwa uzi wa suruali, na pembe zote zilikuwa laini kwa kushikwa.

"Ile haiuzwi," akasema Sindano.

"Nani kasema inauzwa? Chambo hakiuzwi. Inamvuta tu, macho yakishazama atachukua za chini."

Sindano alisita. Kisha akaenda mwenyewe, akaitoa kwenye mashine, akairudisha kwenye jalada lake, akaiweka juu ya zote. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema moyoni mwake kwamba kesho jioni itakuwa imerudi mahali pake.

Mgeni alipigiwa simu, akafika nyumbani kwa Sindano kesho yake, siku moja kabla ya mwezi kuisha. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Sebuleni aliwakuta wanne wameketi kwa huzuni, kila mmoja kwa huzuni ya aina yake.

"Poleni sana kwa msiba."

"Tumeshapoa," akasema Mama Birika. Na hilo lilikuwa kweli.

"Ulitokea lini?"

"Uchungu hauna tarehe," akasema Gazeti. Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Mgeni hakuuliza zaidi. Aliingizwa chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda kwa ustadi wa mtu aliyepiga magoti kando ya vitanda vingi, akanyoosha mkono uvunguni, akalivuta sanduku. Vumbi lilifuka. Alipiga chafya, akafumba macho kwa raha, akapiga nyingine.

"Hili ni vumbi la kabati," akasema.

Gazeti alitazama dari kwa unyenyekevu.

Mgeni aliiweka ya juu pembeni, taratibu, kisha akaanza za chini. Alizitoa moja moja, akaipeleka kila moja dirishani, akaiinamisha kwenye mwanga, akaipiga jicho, akainusa. Kila aliyoimaliza aliirudisha sandukuni.

"Zinanuka kahawa. Marehemu alipenda kahawa?"

"Sana," akasema Mama Birika, aliyemuuzia.

"Ajabu. Juu zimezeeka, ndani hazijawahi kupigwa hata mara moja. Huyu alikuwa ananunua halafu hasikilizi?"

"Alikuwa na mambo mengi," akasema Fundi Pima.

Mwishowe mgeni akaishika ile ya juu. Aliitoa kwenye jalada, akaigeuza kwenye mwanga, na uso wake ukabadilika. Hakuinusa. Alipitisha kidole kwenye ule uzi wa suruali mgongoni mwa jalada.

"Hii imepigwa."

"Kila asubuhi," akasema Sindano, kabla hajakumbuka kwamba zamu yake ilikuwa kunyamaza.

"Na marehemu?"

"Yeye ndiye aliyeichagua. Siku ya kwanza kabisa nilitaka kuanza na ya tarumbeta, ili mtaa mzima ujue. Akaniambia, baba nanii, watu bado wana usingizi, usiwapigie kelele. Akaitoa hii. 'Waanze na hii,' akasema, 'polepole.' Nikaona ananiharibia. Baada ya kufa kwake nilijaribu asubuhi moja kuweka nyingine. Sikuweza."

Hapakuwa na uongo tena ndani ya chumba kile. Fundi Pima alikuwa anaangalia mikono yake.

"Nachukua hii," akasema mgeni.

"Na nyingine?" akauliza Gazeti haraka.

"Nyingine ni za dukani."

Samaki alikuwa amekula chambo, na ndoana ameiacha. Walimtazama Sindano wote. Fundi alimsogelea, akamnong'oneza, na sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Shemeji, sema haiuzwi. Sema, nami nitamtoa mlangoni kwa heshima zake."

Sindano alifikiri. Akikataa, keshokutwa chumba ni cha makava ya simu, benchi litaondolewa, na santuri hii ataipiga wapi? Hapa chumbani, yeye na ukuta. Mkewe hakuichagulia ukuta. Alisema waanze, na waanzao walikuwa ni hawa, na wapitao, na yeyote aliyekuwa anakwenda kazini na usingizi wake. Bila benchi, hata santuri ikiwepo, wimbo haupo. Iliuma, na hakujificha kwamba inauma. Machozi yalimtoka mbele za watu, naye hakuyaonea haya.

"Chukua," akasema.

Kabla ya kumpa, alilifuta jalada kwa kiganja.

"Usilifute!" mgeni akashtuka. "Vumbi ni sehemu ya historia yake!"

"Vumbi ni la huyu," akasema Sindano, akamwonyesha Gazeti. "Limetoka juu ya kabati lake."

Mgeni alimtazama kwa huruma, akamshika bega, akamwambia majonzi humchanganya mtu. Akalipa bila kubishana, akavaa viatu vyake, akaondoka amelikumbatia begi.

Siku ya mwisho wa mwezi, Sindano alifungua mlango wa duka, akasimama mbele ya mashine, akaendelea kusimama. Hakuweka kitu. Wenzake walikuja mmoja mmoja, wakaketi chini ya spika iliyokuwa kimya, na hakuna aliyeagiza yenye tarumbeta. Hata Mama Birika alimimina kahawa kwa uangalifu, isilie kwenye vikombe.

Binti alifika na sare yake, nyuma yake yule wa makava ya simu, tayari anapima ukuta kwa macho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo ndiyo mwisho wa mwezi."

"Nimeuza."

Binti hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo. "Umeuza? Kweli? Umeuza nini?"

Sindano aligeukia mashine. Fundi Pima ndiye aliyesema, kwa kuwa ni mjomba na mambo mengine ni kazi ya mjomba. "Ameuza ile ya mama yako."

Binti aliangalia mashine, akaona ilivyo tupu. Alikaa benchini, yeye ambaye hakuwahi kukaa benchini pale, katikati ya Gazeti na mjomba wake, na Mama Birika akamwekea kikombe mkononi.

"Kwa hiyo chumba?" akauliza wa makava.

"Kimepata mtu," akasema binti.

"Nani?"

"Baba yangu. Nenda kaka, nitakupigia nikisikia pengine."

Yule wa makava akaenda zake. Gazeti hakuwa mtu wa kuvumilia kimya. Alitoa simu yake, akaisogeza mbali na macho, akabonyezabonyeza. "Lakini wimbo wenyewe haujafa. Si mlisema zote zimo humu? Huu hapa."

Akaupiga. Gitaa liliingia, kisha mwimbaji, sauti safi kama maji ya kunywa: *Mlango umegongwa, sijui ni nani, kama ni upepo, upite.* Na ukaendelea mbele.

Benchi zima lilishtuka, kana kwamba mtu ameruka ngazi.

"Amekosea," akasema Fundi Pima.

"Amepita tu," akasema Mama Birika. "Mbona hakusimama?"

Santuri ya duka ilikuwa na mkwaruzo hapo. Kila asubuhi ilipofika "sijui ni", ilikwama: sijui ni, sijui ni, sijui ni, mpaka mtu aigongee kaunta ndipo sindano iruke, wimbo upate njia. Binti alikuwa msichana mkubwa kabla ya kujua kwamba kwingine wimbo huo hauimbwi hivyo, na alipojua aliwasikitikia hao wengine.

"Zima, baba," akamwambia Gazeti. "Huyo hajui wimbo."

Gazeti akazima. Ndipo Fundi Pima, ambaye sauti yake ni ya kuitia bei, akaanza mwenyewe, macho chini, polepole kama dada yake alivyotaka. Gazeti akaingia na gitaa kwa mdomo. Mama Birika akaingia, na binti akaingia chini kabisa, karibu asisikike. Mlango umegongwa, wakaimba, sijui ni, sijui ni, sijui ni, sijui ni, na hapo wakakwama wote, wala hakuna aliyethubutu kupita. Mtu mmoja aliyekuwa anakwenda kazini alisimama kuwatazama.

Walikwama muda mrefu. Pumzi zilianza kuwaishia, na macho yote yalikuwa yamegeukia dirishani.

"Mzee, gonga basi," akasema Mama Birika katikati ya sijui mbili. "Kahawa inapoa."

Sindano aliweka kitambaa chini, akagonga kaunta, nao wakaendelea.